Kidonge Cheusi

Kidonge cheusi cha oksidi kilikuwa kimenasa kwenye sumaku, na Namweta akawasha jiko la umeme chini yake. Miaka minne alikuwa akichanganya unga wa madini ya manganizi na strontiamu kidogo, akitaka kuthibitisha kwamba katika mchanganyiko huo mawingu ya elektroni hubadili mkao, na sumaku ndogo ndogo za atomi zote huelekea upande mmoja. Joto likikaribia nyuzi mia moja, mpangilio huo huvurugika na kidonge huanguka, tofauti na chuma, ambacho hushika sumaku hata kwenye joto kali zaidi. Kesho watahini wa shahada yake wangekuja kushuhudia.

Kipimajoto kilivuka mia moja, kikavuka mia tatu. Kidonge kikang'ang'ania.

"Kuna chuma ndani," alisema polepole. Akamgeukia Mzee Kirobo, fundi wa maabara aliyemsagia unga siku zote. "Baba, ulisagia nini?"

Mzee alivua kofia. "Kile kinu cha jiwe kilinivunjikia mwanzoni kabisa, mwanangu. Niliogopa kufukuzwa. Nikatumia cha chuma."

"Miaka yote minne?"

"Yote."

Namweta alitamani kumpiga. Kisha akaviona viganja vya mzee, vilivyokauka na kupasuka kwa kusaga. Akaketi, akaanza kuwaandikia watahini kwamba matokeo yake yote ni batili. Alipofika mahali pa kueleza sababu, aliweka kalamu chini.

"Niandike nini, baba?"

Mzee Kirobo alikuwa ameshashika ufagio, anafagia sakafu iliyokuwa safi.