Soketi ya Jikoni

Sigara ya umeme ya kwanza ya mzee Shekue ilikuwa nyembamba kama kalamu, na chaji yake ilikuwa haifiki adhuhuri. Soketi iliyofanya kazi nyumbani mwao ni ya jikoni tu. Basi ikizimika huichomeka pale, akakalia mbuzi na kumkunia mkewe nazi huku akingoja.

Siku moja akarudi na nyingine, kubwa. "Hii chaji yake siku mbili, Mama Rukia!"

"Hongera," alisema mkewe, Mwanaidi, akaisogeza mbuzi ukutani taratibu.

Adhuhuri Shekue aliingia jikoni, akaichomeka. Taa ya kijani ikawaka.

"Mbona imejaa hiyo?"

"Najua." Akaivuta mbuzi, akaketi. "Nipe nazi."

Mwanaidi akamchagulia iliyo kubwa kuliko zote.