Kinundu Kwenye Skrini

Hakuna aliyemtarajia yule mgeni. Mlango wa maabara ulifunguka wakati wanafizikia wote wamesongamana mbele ya skrini. Akaingia mwanamke mwenye koti la kijivu, akavuta kiti nyuma kabisa.

"Nimetumwa na wafadhili," alisema. "Nataka kujua kama huu mtambo tuuzime. Endeleeni tu, kama sipo."

Vicheko vikakatika. Maisha yote ya Profesa yalikuwa ndani ya mtambo ule. Tangu nywele zake zikiwa nyeusi aliwinda chembe moja ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Na sasa alama yake ilikuwa pale kwenye skrini, kinundu kidogo juu ya mstari uliotulia.

"Karibu," Profesa alimwambia mgeni. Akatazama skrini, kisha akamgeukia tena kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. "Oo, karibu sana. Wewe ni nani vile?"

Mtu mmoja alikohoa. Siafu, mwanafunzi wake wa mwisho, msichana mdogo wa umbo aliyepewa jina hilo kwa kuwa akiing'ata kazi haachii, aliinamisha macho.

"Haya, tupige kura," mhandisi alisema. "Tutangaze, tusitangaze? Asiyenyoosha mkono leo atatununulia chai mpaka astaafu."

Mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine. Wa Profesa nao ukapanda. Wa Siafu ulibaki mapajani.

"Una wazimu?" mhandisi alimnong'oneza. "Unataka tufungashe virago?"

Siafu akasimama.

"Kaa, binti yangu," Profesa alimwambia kwa upole. "Tafadhali. Tumeiona sote. Niache nife nikijua nimeiona."

Mgeni aliinua uso. Mtambo ulinguruma chini ya sakafu.

"Hiyo alama niliipandikiza mimi kwenye data," Siafu alisema. "Ni ya bandia. Hakuna chembe."

Mhandisi aliangusha mkono kama uliokatwa. Profesa alishika ukingo wa meza, akamkazia macho kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Nani? Nani aliyekutuma utuangamize?"

Siafu alijaribu kuzuia machozi, yakamshinda.

"Wewe, Profesa. Siku ile tulipoanza kukusanya data hii, uliniagiza niipandikize kwa siri, ujue kama tunaweza kujidanganya. Ukaniapisha kwamba tukikubaliana sote, nisimame niseme, hata ukinisihi nikae."