Zoezi la Yudita

Ngumi ya pili ilimpata Yudita mdomoni, na mkufunzi Silvesta, huko Njombe, akapiga makofi mbele ya kompyuta yake.

"Ehee! Sasa hiyo ndiyo kazi!"

Tangu korona ifunge ukumbi, mafunzo ya lazima ya usalama kwa waokoaji yalikuwa yamehamia mtandaoni, na Silvesta aliyaona mzaha mtupu. Zoezi la mwisho lilikuwa kujinasua mikononi mwa ndugu wa majeruhi aliyepandwa na hasira. Kila mwanafunzi atafute mtu wake wa kumshambulia nyumbani, na wote wavae barakoa. Basi watu wakawa wanasukumana huku wanacheka! Wanne alishawafelisha. Asiye na cheti hapandi gari la uokoaji, na Yudita alibakiwa na nafasi hii moja tu.

"Kaka yangu Nahumu ndiye atakayenishambulia," alikuwa amesema kabla ya zoezi, akiwa kwake Kitandililo, Makambako. "Yuko njiani. Mlango nimeurudishia tu, akifika aingie moja kwa moja."

"Asikuonee huruma," Silvesta alimjibu, kisha akawazimia wanafunzi wote sauti. Majogoo na redio zao zilikuwa zimemchosha.

Na kweli, huruma haikuwepo. Jamaa aliingia na barakoa yake usoni, hata salamu hakuna, akamshindilia ngumi mbili, akamkaba shingo na kumbamiza ukutani. Kalenda ya kanisa ikaanguka. Yudita naye hakulala. Alimkanyaga mguu, akampiga kiwiko cha tumbo, akachomoka vilevile alivyofundishwa. Silvesta alisimama kwa furaha. Lakini jamaa akamdaka nywele, akamrudisha chini na kumkandamiza kwa goti.

Barakoa ya Yudita ilikuwa imeshuka kidevuni, imelowa damu. Aliigeukia simu yake iliyokuwa ikirusha zoezi, mdomo wazi, mkono ameunyoosha.

"Usiniangalie mimi, mama! Pambana na huyo!" Silvesta alifoka.

Moyoni alifurahi kupita kiasi. Machozi, damu, kila kitu! Hawa ndugu wamejiandaa jamani, tena wamejiandaa haswa.

Jamaa akaokota mchi pembeni ya kinu. Akauinua juu. Simu ikaanguka kifudifudi, na picha ikawa giza.

Silvesta alivuta fomu akaandika: Yudita, amefaulu, wa kwanza darasani. Kisha akamfungulia sauti ampongeze. Alisikia mlango ukibamizwa, basi.

"Pumzikeni, mmestahili," akasema, bado anatabasamu.

Simu yake ya mkononi ikaita.

"Kamwene, mkufunzi. Ni Nahumu, kaka yake Yudita. Nampigia hapokei. Naomba umwambie asianze zoezi bila mimi, gari bado linajaza hapa stendi ya Njombe."