Nyumba ya Bi Fundi

Bi Fundi alipandisha komeo la juu, lile ambalo mkono wa Mwanvita haukulifikia, kisha akaenda kuketi mbali, upande wa pili wa chumba.

“Mvue mtandio,” alisema. “Asimame penye mwanga.”

Bibi Somoe akamvua. Mwanvita akasimama karibu na dirisha la nondo, miaka yake tisa, miguu imejaa vumbi la njia ya Kaole. Mwanamke yule alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye kucha, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Hakumgusa. Hakuwahi kumgusa hata mara moja.

“Amekonda.”

“Alipata homa,” alijibu Bibi. “Amepona.”

“Anajua kupika?”

“Wali haumshindi. Na chuoni amefika Juzuu Amma.”

“Geuka, mtoto.”

Mwanvita akageuka.

Mwaka uliotangulia, mwaka wa 1936, safari za Bagamoyo zilikuwa raha tupu. Kila Alhamisi baada ya sala ya alfajiri Bibi alijitwika mikeka yake ya kuuza, wakashika njia ya mchanga wawili wao. Bibi Somoe ndiye aliyemzaa mama yake, ambaye Mwanvita hakumkumbuka. Baba alisema alikufa kwa ndui yeye akiwa bado ananyonya. Mjini kulikuwa na maduka ya Wahindi yenye vitambaa hadi darini, na wauza kahawa wakigonganisha vikombe, na harufu ya mkate wa mofa iliyokufuata mpaka sokoni. Mwanvita alikuwa akihesabu siku.

Kisha Alhamisi moja, mikeka ilipokwisha, Bibi alikata kichochoro nyuma ya soko la samaki, akabisha hodi kwenye mlango wa kijani.

“Huyu utamwita Bi Fundi,” alimwambia Mwanvita. “Anashona kofia. Na baba yako asijue kama tunafika hapa. Umenisikia?”

Tangu siku hiyo mji mzima ukawa chumba kile kimoja. Joto, kuta, na sindano ikitoboa kitambaa. Muuza kahawa alipita chini ya dirisha na vikombe vyake, naye Mwanvita alikatazwa kuchungulia. Aliwekewa samaki wa kupaka, aliwekewa halua, akala huku akitazamwa.

Alhamisi moja walidhani amelala mkekani.

“Nipe mimi,” Bi Fundi alinong’ona. “Nimechoka kungoja.”

“Subiri avunje ungo. Nitamleta na nguo zake, akae moja kwa moja.”

“Na Mwinyijuma?”

“Mwinyijuma niachie mimi.”

Mwinyijuma ndiye baba yake. Mwanvita hakufumbua macho. Ashura, mtoto wa jirani, alikuwa amemsimulia habari za binti wa Zinga aliyetolewa kwa watu wa mjini, akawa mtwangaji wao na mchota maji wao, na kwao hajarudi. Sasa yale maswali yote aliyaelewa: kupika, homa, geuka mtoto.

Alikaa na jambo hilo siku sita. Alimpenda Bibi kuliko mtu yeyote, na huko ndiko alikofungwa. Akisema atamwangamiza, akinyamaza atapelekwa. Usiku aliota lile komeo. Jumatano alasiri hakuweza tena. Alimwendea baba yake uani, alikokuwa akisuka makuti.

“Baba, Bibi anataka kunitoa.”

Mikono ya Mwinyijuma ikasimama. “Kukutoa wapi?”

Akamweleza yote: kichochoro, mlango, kofia, na maneno aliyoyasikia akijifanya amelala. Baba hakuuliza jina la mwanamke huyo. Aliuliza neno moja tu.

“Toka lini?”

“Toka kabla ya Ramadhani.”

Kesho yake waliondoka kabla Bibi hajaamka. Mwanvita alitangulia kuonyesha njia, na miguu yake haikupata kuwa myepesi namna ile. Nyuma ya soko la samaki aliunyooshea kidole mlango wa kijani. Baba akaugonga kwa ngumi.

Bi Fundi alifungua, kofia isiyokwisha ikiwa mkononi. Alimwona Mwanvita kwanza, uso ukamfunguka. Kisha akamwona aliyesimama nyuma yake, akarudi kinyumenyume mpaka akagota ukutani.

“Nilikuonya,” alisema Baba. “Kesho nisikukute Bagamoyo. Nikikukuta, tutaonana kwa liwali.”

Mwanamke alikuwa akimtazama Mwanvita, ambaye alishajificha nyuma ya kanzu ya baba yake.

“Amekula?” aliuliza.

Baba akauvuta mlango, ukajifunga.

Walipokuwa wakirudi Baba alimnunulia kashata, na Mwanvita akaitafuna yote njiani. Kifua kilikuwa chepesi. Walipofika nyumbani Kaole hakungoja kuambiwa. Alikimbia moja kwa moja hadi kwa Bibi, maana alitaka ajue kwamba yeye hana kinyongo naye.

Bibi Somoe alikuwa amesimama barazani na mikeka yake kichwani, akitazama njia.

“Bibi, nimemwambia Baba. Tumekwenda mpaka mlangoni. Bi Fundi anahama, hataweza kunichukua tena.”

Bibi aliitua mikeka taratibu, akaikalia. Hakumgombeza. Aliweka viganja juu ya magoti.

“Na mama yako,” aliuliza, “alisema nini?”