Matunda ya Oddveig

Katika mji ule mdogo wa Norwe, watu waliambiana hata magonjwa yao, lakini hakuna aliyetaja anapochuma matunda ya manjano ya kinamasini. Wiki ile Oddveig alimnyemelea jirani yake Torbjørg mpaka mahali pake, kisha akarudi peke yake akayachuma yote.

Jumapili, kwenye kahawa ya kanisani, Torbjørg alisimama.

“Jamani, mahali pa siri pa Oddveig mwenyewe ni nyuma ya daraja bovu, kushoto kwenye jiwe jeupe. Yameiva.”

“Nani kakwambia?” Oddveig akauliza.

“Ulidhani ni wewe tu mwenye miguu, jirani?”

Mchungaji akakumbuka kwamba hajamlisha paka. Mwalimu akakumbuka nguo alizoanika. Oddveig alibaki na kikombe mkononi, akitazama dirishani ndoo zao zikivuka barabara kuelekea darajani.