Dakika Tatu za Mwananchi

"Vua hiyo saa," mdogo wake alimwambia mlangoni pa ukumbi. "Na ukisema 'kwa mujibu wa', nakukana mbele za watu."

Dada mtu akavua saa. Gauni aliloazima kwa mdogo wake, mshonaji wa sare za shule, lilimbana kwapani.

Ndani, wajumbe wa nchi hamsini walikuwa karibu kuufuta mpango wa chanjo wa shirika lao. Ukifutwa, manesi wa pikipiki hawaendi tena vijijini. Ila mwaka huu palikuwa na kanuni mpya: kabla ya kura, mwananchi mmoja azungumze dakika tatu. Kadi ya bahati nasibu ilimwangukia mshonaji, naye akampa dada yake.

"Umewaambia mara ngapi?"

"Mara tano. Kwa maandishi na kwa mdomo."

"Wakasemaje?"

"'Tumepokea.'"

"Basi leo ongea kama unavyonigombeza mimi."

Mwananchi alipoitwa, wajumbe waliinua macho kutoka kwenye simu zao, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mmoja alitafuta na miwani.

Dada mtu akaanza.

"Nilipanga foleni ya nesi nikiwa na huyu mdogo wangu mgongoni, ananitapikia shingoni. Akachomwa sindano, akalia mpaka nyumbani. Surua ilipowazoa watoto wa majirani, yeye ilimruka. Yupo pale nyuma. Mdomo wake mtausikia, mkitaka msitake."

Ukumbi ukacheka.

"Sasa mkiufuta mpango, nani atawafuata watoto kule? Nyie, na hizo suti?"

Kura ikapigwa, mikono ikainuka safu kwa safu, hata ile ya mjumbe aliyekuja na hotuba ya kupinga. Mpango ukabaki. Huko nyuma mshonaji alikuwa analia na kupiga makofi kwa pamoja.

Mwenyekiti alijipangusa pua.

"Mmeona? Mwananchi anaeleza dakika tatu, tunaelewa. Sisi miaka minne tunasomewa makaratasi tu. Hebu mwiteni Katibu Mkuu wetu, popote alipo, aje ajifunze kwa mama huyu."

Karani akashuka jukwaani, akapita safu ya mbele, akainama sikioni mwa yule mama.

"Bosi," akanong'ona, "unaitwa."