Sindano Nyembamba

Sabiri, fundi wa kuunda modeli za majengo, alipuliza mstari wa rangi nyeusi juu ya ukucha wa kidole gumba chake, akautazama kwenye mwanga wa mlangoni, akatikisa kichwa.

"Mnene huo. Lete nyingine."

Hafsa, mwenye duka, alishusha pumzi. Brashi zake za upepo hununuliwa na wapambaji keki na wachora mabango, watu wasio na makuu. Huyu alikwisha kuikataa yenye kichupa chini, ati inakunywa rangi kama ngamia, na yenye kitufe cha kubonya tu, ati inajua kupiga kelele lakini haijui kunong'ona.

"Kaka Sabiri, modeli yenyewe ya nini? Unapaka nyumba za sisimizi?"

"Nataka inayoweza kuandika."

Yakoub, aliyesimama nyuma ya Sabiri na pochi mkononi, akacheka. "Mpe anachotaka, dada. Kazi hii ni ya wakubwa."

Yakoub alikuwa wakala wa kampuni iliyoutaka ufukwe wa Mchangani, kitongoji kilicho mbele ya Mkwaja. Alizaliwa hukohuko, akalelewa kwa samaki wa hukohuko, kisha akawapeleka wapimaji na kuwatilia saini kwamba pale ni ardhi tupu. Tanga inalijua neno hilo. Waliokuja kupanda mkonge walilisema vilevile, huku babu zetu wamesimama mbele yao wanawatazama.

Kilichobaki kilikuwa kikao kimoja na afisa ardhi. Mama yule akiridhika, uzio unapigwa, na watu wa Mchangani wanajitwika masufuria yao waende wanakokujua wenyewe. Ndiyo maana Yakoub alitaka modeli ya kujaza meza mbili: hoteli, mabwawa ya kuogelea, minazi, kila kitu kwa kipimo, impendeze mpaka asahau kuuliza.

Hafsa akatoa ya mwisho kabatini. Kikombe cha rangi juu. Kitufe unakibonya kutoa hewa, unakivuta kutoa rangi. Sindano nyembamba kama unywele. Sabiri akapuliza. Juu ya ukucha ukasimama mstari kama alifu, mwembamba, umenyooka.

"Hii," akasema.

Habari ilifika Mchangani kabla Sabiri hajaifunga kompresa ya hewa. Mama yake akapanda gari mpaka Makorora, akasimama mlangoni kwa mwanawe, mikono kiunoni, majirani wakisikia.

"Mimi Tausi binti Uweso, niliyekuzaa chini ya minazi ile, leo unaniuza kwa kibomba cha rangi?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kampe Yakoub!"

"Ingia ndani basi, mama. Nataka unitajie majina ya wazee wetu. Yote, na ya baba zao."

"Ya nini?"

Mlango ukafungwa. Majirani walikaa kibarazani wakingoja kilio. Wakasikia kicheko, kirefu, cha mwanamke mtu mzima aliyesahau kwamba alikuja kugombana.

Siku ya kikao, Yakoub aliingia ukumbini amevaa kanzu inayong'aa, akawapitia wazee wa Mchangani mmoja mmoja kwa heshima zote. Shikamoo Mama Sabiri. Shikamoo Baba Wanu. Shikamoo Bibi Samira. Hivyo ndivyo alivyowaita tangu utoto wake. Pwani mtu mzima haitwi jina lake, sembuse na kijana aliyepanguswa kamasi na yeye.

Afisa ardhi, Bi Beatrisi, aliizunguka modeli polepole.

"Kila kilichopo kimewekwa humu?"

"Kila kitu, mheshimiwa, kwa vipimo," akajibu Yakoub. "Hata kichaka hatukuacha. Nimekagua mwenyewe."

Alikuwa amekagua mabwawa.

Mzee Mwinyijuma, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyewafundisha wote pale alifu na be, akaombwa afungue kwa dua. Akavaa miwani, akainama juu ya meza. Chini ya minazi ya modeli palikuwa na vibao vya mawe vilivyoandikwa majina, vimepuliziwa kijivu na ukijani wa kuvu, kana kwamba mvua za miaka mingi zimevipitia. Midomo ya mzee ikacheza, akisoma kibao baada ya kibao.

"Tuwaombee waliotajwa hapa," akasema. "Al-Fatiha."

Mikono yote ikainuka. Ya Yakoub ilitangulia. Mwili haukusahau bakora za chuoni. Akasoma, akajipangusa uso, akaitikia "Amin" kwa sauti kuliko wote, afisa amwone.

Bi Beatrisi aliyekuwa ameinamisha kichwa akakiinua. "Bwana Yakoub. Haya ni makaburi?"

Ndipo Yakoub alipoyaona. "Mheshimiwa, hayo ni... mapambo tu ya fundi."

"Mapambo, na umeyasomea dua?"

Ukumbi ukaguna. Mzee Mwinyijuma akavua miwani, akamkazia macho mwanafunzi wake. Kuikana Fatiha mbele ya mwalimu wake, hilo hata Yakoub lilimshinda.

"Yapo," akasema. "Makaburi yapo, mheshimiwa."

"Na uliniandikia ardhi tupu." Bi Beatrisi akafunga jalada lake. "Basi uzio haupigwi. Hapaguswi jiwe mpaka jamaa wa kila marehemu wapatikane na waridhie." Akainama kwenye modeli, akasoma kibao cha kwanza. "Tuanze na huyu. Jamaa wa marehemu Tausi binti Uweso yupo hapa?"

Yakoub akageuza shingo huku na huku. Jina hilo hakuwahi kulisikia maishani.

Kwenye safu ya nyuma kabisa, Mama Sabiri akaiweka sawa kanga yake, akasimama.

"Nipo, mwanangu," akasema. "Ila kuridhia, siridhii."